Kabla ya kumpeleka mkeo mkahawani, pima kwanza maneno

Desemba hii mimi na mke wangu tunatimiza miaka 40 ya ndoa. Nilipomkumbusha jambo hilo alicheka, akasema, "Siku za mwizi ni arobaini." Nikamwambia kuwa methali hiyo ni ya mwizi, si ya mume. Akanijibu kwamba yeye bado hajaiona tofauti. Kwa kutaka kujitetea, niliahidi kumpeleka mahali pazuri tukale sisi wawili tu, bila watoto wala wajukuu. Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kupata mahali penyewe. Kumbe kazi ilikuwa inaanzia kwenye maneno.

Kwanza niliandika kwenye kalenda ya jikoni: "Kumbukumbu ya ndoa." Mama watoto aliposoma aliuliza, "Kumbukumbu? Kwani ndoa imekufa?" Mimi ambaye nimefundisha isimu chuoni kwa miongo mitatu nilifungua kinywa nimsahihishe, kisha nikakifumba. Alikuwa na hoja.

Neno kumbukumbu limeundwa kutokana na kitenzi kumbuka, na lina kazi nyingi. Katibu wa chama husoma kumbukumbu za mkutano uliopita. Katika Biblia, kitabu cha tano cha Musa kinaitwa Kumbukumbu la Torati. Lakini katika magazeti yetu na katika makanisa yetu, neno hilo limeandamana mno na marehemu: ibada ya kumbukumbu, tangazo la kumbukumbu, picha ya mtu aliyetutoka na mshumaa kando yake. Kisarufi, "kumbukumbu ya ndoa" haina kosa. Hata hivyo, neno huchukua harufu ya maneno linalotembea nayo, na hili linanukia ubani.

Yapo maneno mengine. Pwani kuna hauli, linalotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwaka. Kwa maana hiyo ya asili lingetufaa sana, ila matumizi yake ni kisomo cha kila mwaka cha kumkumbuka aliyefariki, hasa mwanazuoni. Tumerudi makaburini. Kanisani husikika jubilei: ya fedha kwa miaka 25 na ya dhahabu kwa miaka 50. Neno hili lina asili ya Kiebrania na lilihusu pembe ya kondoo dume iliyopulizwa kutangaza mwaka wa 50. Sisi wa miaka 40 bado hatujapigiwa pembe. Vijana nao hawana muda wa kutafuta. Husema "anivasari" na maisha yakaendelea.

Pendekezo langu ni maadhimisho. Kitenzi adhimisha kina mzizi wa Kiarabu unaohusu ukuu, ule ule tunaousikia katika neno adhimu. Kuadhimisha kitu ni kukipa ukuu wake mbele ya watu. Tunaadhimisha Siku ya Mashujaa na Siku ya Jamhuri, na hakuna anayeuliza kama Jamhuri imekufa. Basi nilifuta lile neno la kwanza kwenye kalenda nikaandika "Maadhimisho ya ndoa". Mke wangu akasema, "Hapo sawa. Sasa utaniadhimishia wapi?"

Nilimpigia simu rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, nikamwambia kwamba nataka mwezi huu tukale nje. Alicheka mpaka akakohoa. "Profesa, kwa umri huo?" Nilielewa kosa langu papo hapo. "Kula nje" ni tafsiri sisisi ya Kiingereza, neno kwa neno. Katika Kiswahili, neno nje likikaribia ndoa huleta fitina. Kuna mtoto wa nje, kuna kutoka nje ya ndoa, na huko mitaani mtu anayesemwa kuwa anakula nje hasemwi kwa sababu ya chakula. Heri kusema waziwazi: twende tukale mkahawani. Au bora zaidi: nimekualika mkahawani.

Mkahawa wenyewe ni neno la kuvutia. Kiini chake ni kahawa, neno tulilolipata kutoka Kiarabu. Palikuwa ni mahali pa kunywea kahawa na kupiga soga. Wenzetu wa Tanzania wengi husema mgahawa, na matamshi yote mawili yamekubaliwa. Leo unaweza kuingia mkahawa ukala wali, samaki na matunda, ukatoka bila kuiona kahawa. Vijana walipoanza kutumia intaneti mjini, tuliwapa hata "mkahawa wa intaneti", mahali ambapo chai yenyewe ilikuwa marufuku kuikaribia kompyuta.

Mtu asidhani kwamba ni Kiswahili pekee kilichofanya hivi. Neno la Kifaransa ambalo dunia nzima hulitumia kwa mahali pa kulia, restaurant, linatokana na kitenzi chenye maana ya kurejesha nguvu. Kule Paris katika karne ya 18, hilo lilikuwa jina la mchuzi wa nyama uliouzwa kwa wale waliohisi kudhoofika. Baadaye jina la mchuzi likawa jina la nyumba. Wao walianza na supu, sisi tukaanza na kahawa.

Hapa Kenya tuna neno jingine tunalolipenda zaidi: hoteli. Mkenya akisema "nilikula hotelini" huenda hakupanda ghorofa wala kulala kitandani. Huenda alikaa kwenye benchi chini ya mabati, akanywa chai na mandazi mawili, akaenda zake. Wapo walimu wanaowakosoa wanafunzi kwa matumizi haya, wakisema hoteli lazima iwe na vyumba vya kulala. Mimi siwaungi mkono. Maana ya neno hupanuka kadiri wenyeji wanavyolitumia, na wenyeji wamekwisha kuamua.

Isitoshe, asili ya neno hoteli ina siri ambayo ilinisaidia katika safari yangu hii. Tumelipata kutoka Kiingereza, nacho kililipata kutoka Kifaransa, na ukilifuata hadi Kilatini unakutana na neno lililohusu mgeni na mwenyeji wake. Mzizi huo ndio uliozaa hospitali pia. Hoteli na hospitali ni ndugu wa tumbo moja: zote mbili zilikuwa nyumba za kupokea wageni. Mke wangu, ambaye ni muuguzi mstaafu, aliposikia hayo alisema kwamba ndiyo maana miguu imemuuma miaka yote, kazini wageni na nyumbani wageni.

Nikaenda kwenye maneno yetu ya chakula cha heshima. Dhifa, neno tunalolisikia Rais wa nchi nyingine anapokaribishwa Ikulu, lina asili ya Kiarabu na mzizi wake unahusu mgeni. Karamu ni jamaa ya ukarimu na ya kitenzi kirimu, na anayekirimiwa ni nani kama si mgeni? Kila njia niliyoifuata ilinifikisha mlango ule ule. Chakula cha kuadhimishia hakipimwi kwa bei. Kinapimwa kwa kuuliza kama aliyealikwa amekuwa mgeni kweli.

Hapo nilipata haya kidogo, na nitasema kwa nini.

Mwaka 2010, tulipotimiza miaka 25, nilimpeleka mke wangu kwenye mkahawa mmoja wa kifahari hapa Nairobi. Sitautaja. Menyu ilikuwa imejaa majina ya kigeni ambayo hata mimi niliyasoma kwa kubahatisha. Mke wangu alimuuliza mhudumu kwa Kiswahili sanifu, "Hiki ni chakula gani?" Mhudumu akamjibu kwa Kiingereza, tena akinitazama mimi, na jibu lenyewe lilikuwa ni kulirudia lile jina. Mke wangu hakuuliza tena. Alionyesha kwa kidole. Chakula kilipoletwa kilikuwa viazi vya kupondwa vilivyopambwa kwa jani moja. Kiingereza anakijua vizuri. Alikitumia wodini miaka zaidi ya 30. Kilichomuudhi ni kwamba yeye ndiye aliyeuliza, na aliyejibiwa ni mwingine. Tulipofika nyumbani alipasha githeri moto, akala amesimama jikoni.

Mimi nililipa bili kubwa usiku ule, nikajiona mume mwema. Leo ninaona kwamba niliununua mlo, sikumwalika mtu.

Lugha ya menyu si jambo dogo. Chukua mfano wa ukwaju. Kule Nyali, Mombasa, upo mkahawa maarufu uitwao Tamarind. Wengi hudhani jina hilo ni Kiingereza kitupu, lakini chanzo chake ni Kiarabu, tamr hindi, yaani tende ya Kihindi. Tunda lenyewe ni ukwaju wetu huu tunaoujua. Mtu akiambiwa "juisi ya ukwaju" hutarajia gilasi ya bei nafuu karibu na Marikiti. Akiambiwa tamarind, hupapasa mfuko kabla ya kuagiza. Mti ni ule ule. Kilichobadilika ni heshima tunayolipa neno.

Wala tusiseme Kiswahili hakina msamiati wa mezani. Wanafunzi wetu wanajua chamcha ni chakula cha mchana na chajio ni cha jioni. Kitindamlo, kile kitamu cha mwisho, kimeundwa kama kitindamimba, mtoto wa mwisho anayefunga tumbo la mama. Na wasomaji wa umri wangu watakumbuka msemo "kuandika meza", yaani kupanga vyombo na chakula mezani tayari kwa walaji. Kitenzi ni kile kile, andika. Mwenye kalamu anaandika, na mwenye sahani anaandika.

Msemo huo ulinisimamisha. Kwa miaka 40 nimekuwa nikiandika katika chumba kimoja cha nyumba yetu, ilhali mwenzangu ameandika katika chumba kingine. Maandishi yangu yamechapishwa na jina langu juu yake. Yake yameliwa mara tatu kwa siku. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa hakika, mke wangu hakupata hata zile siku mbili. Juzi aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua: siku ya harusi yetu hakula. Wageni walikula pilau, mimi nikala, yeye akakatiwa kipande cha keki ili anilishe mimi.

Basi safari hii nimechagua kwa kufuata maneno. Mahali patakuwa Mombasa, mji tuliokutania, yeye akiwa muuguzi na mimi mwalimu mpya wa sekondari. Tutapanda treni kutoka Syokimau. Nilitafuta mkahawa ambao menyu yake anaweza kuisoma bila mkalimani: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mbaazi, mahamri, na ukwaju ukiitwa ukwaju. Mwanangu alinipa namba ya mkahawa mdogo wa mama mmoja wa Mji wa Kale. Nikapiga simu kuomba nafasi.

"Mko wangapi?" mama yule akauliza.

"Wawili tu, mama. Ni maadhimisho ya ndoa. Miaka 40."

"Mashallah! Haya, karibuni sana. Na bibi hupenda nini? Nimpikie akipendacho."

Msomaji mpenzi, swali hilo halikuwa na msamiati mgumu. Ni maneno ambayo mtoto wa chekechea anayajua. Lakini nilikaa kimya na simu sikioni, kwa sababu sikuwa na jibu. Ninajua asili ya neno dhifa, na sikujua mke wangu hupenda kula nini. Nilimwomba mama asubiri, nikaenda jikoni kumuuliza mwenyewe.

Naye akanyamaza. Aliweka mwiko chini, akafikiri, kisha akasema, "Unajua, mimi najua unachopenda wewe. Najua wanachopenda watoto. Changu, hebu nipe muda."

Nilimrudia yule mama nikamweleza kwamba bibi bado anafikiri. Hakucheka. Alisema, "Mwambie asiharakishe. Nitapiga simu kesho niongee naye mwenyewe."

Siku ya pili simu ililia. Nilikuwa chumbani mwangu nikiandika makala haya. Nilimsikia mke wangu akizungumza kwa muda mrefu, mara akicheka, mara akieleza jambo kuhusu nazi na pilipili mbichi. Sikwenda kusikiliza. Alipomaliza nilimuuliza ameagiza nini.

"Utakiona ukifika," akasema. "Wewe ni mwenzangu tu safari hii. Mgeni ni mimi."