Diski Iliyopotelewa na Daftari Lake

Limetufika jambo katika ofisi yetu hapa Kigali ambalo hatuoni haki kulificha, ijapokuwa halitupambi hata kidogo. Tunaliandika kwa sababu katika makambi na vituo vya polisi kompyuta sasa ni chombo cha kila siku, kama ilivyokuwa taipureta enzi za waliotutangulia, na wengi wetu tumefundishwa kuitumia bila ya kufundishwa la kufanya siku itakapogoma.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya umri mkubwa kidogo, yenye diski ya gigabaiti 500. Ndani yake ilikaa mifumo miwili ya uendeshaji: Windows, kwa ajili ya barua na taarifa, na Ubuntu, ambayo mtu wetu wa sauti aliipendelea kwa kazi ya kusafisha rekodi. Upande wa Ubuntu ndimo tulimohifadhi mahojiano 41 ya askari wastaafu, tuliyoyakusanya kwa miezi mitatu, mengine kwa Kinyarwanda na mengine kwa Kiswahili cha jeshini. Nakala nyingine haikuwako. Mmoja wa wazee hao tulikuwa tumekwisha kumzika.

Ijumaa moja alasiri, koplo aliyekuwa zamu aliona upande wa Windows umejaa. Akafungua ukurasa wa kusimamia diski, akakuta sehemu mbili zisizo na jina wala herufi. Windows haisomi namna ya Ubuntu ya kupanga mafaili, kwa hiyo ilizionyesha kama viwanja visivyo na mwenyewe. Akazifuta zote mbili. Alipojaribu kuiunganisha nafasi hiyo na ile ya Windows, kompyuta ikakataa. Naye akadhani ikizimwa na kuwashwa itatii. Ilipowaka tena kioo kilikuwa cheusi, kina maneno machache tu: "error: no such partition", yaani hakuna sehemu kama hiyo, na chini yake "grub rescue>" na kijistari kinachopepesa.

"Afande, kompyuta imekufa," alisema, akiwa amekakamaa mlangoni.

"Umeifanya nini?"

"Nimefuta zile nafasi tupu, afande."

"Uliziangalia kama kweli ni tupu?"

Hakujibu, nasi hatukuendelea kumwuliza. Aliyemwacha mbele ya chombo kile bila ya kumweleza kilichomo ni sisi.

Tulimpigia simu fundi mmoja wa mjini. Akasema ni kazi ndogo: ataweka Windows mpya katika diski nzima, na kesho asubuhi tutaichukua ikiwa safi. Maneno matamu hayo, na kwa mtu asiye na kitu ndani ya diski ni ushauri halali kabisa. Kwetu yangekuwa ndiyo maziko ya pili ya yule mzee.

DAFTARI LA LANGONI

Ili msomaji aelewe kwa nini tulimkatalia fundi, na atazame kambi. Langoni pana daftari lenye kuonyesha kwamba kombania ya kwanza inalala katika mabweni haya, ya pili katika yale. Daftari hilo likichomwa moto usiku, askari hawatoweki. Wote wamo vitandani mwao. Lakini mgeni akija langoni na kuuliza, mlinzi atamwambia kwamba hakuna mtu. Hatari ya kweli inakuja pale kamanda, kwa kuamini kwamba mabweni ni matupu, anapoleta kikosi kingine kulala humo.

Diski nayo ina daftari lake. Katika mpango wa zamani, uliokuja pamoja na kompyuta ya IBM PC XT mwaka 1983, daftari hilo limo katika sekta ya kwanza kabisa ya diski, yenye baiti 512 tu. Baiti 446 za mwanzo ni za programu ndogo ya kuamshia kompyuta; 64 zinazofuata ni jedwali la sehemu za diski; na mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Kila sehemu hupewa baiti 16, na ndiyo maana jedwali lina nafasi ya sehemu nne tu. Anayetaka zaidi hana budi kuigeuza moja kuwa sehemu pana, na ndani yake azitenge nyingine, zinazohesabiwa kuanzia namba 5. Za Ubuntu yetu zilikuwa hizo: namba 5, ya kusaidia kumbukumbu ya kompyuta, na namba 6, yenye mfumo wenyewe pamoja na mahojiano yote.

Koplo alipofuta, hakufuta sauti hata moja. Alifuta mistari michache ya daftari. Kompyuta nayo ikagoma kwa kuwa programu ya kuamshia, iitwayo GRUB, ilitegemea kukuta mafaili yake katika sehemu namba 6, na daftari sasa lilisema namba 6 haiko. Windows ilikuwa nzima muda wote huo. Tungeitaka hiyo peke yake, tungetumia flashi ya kuwekea Windows, tukachagua ukarabati na kuandika amri "bootrec /fixmbr", nayo ingewaka. Lakini mahojiano yangebaki yalipo, bila ya njia ya kuyafikia.

Basi amri ya kwanza tuliyoitoa ni kwamba asiguse mtu. Kila kinachoandikwa juu ya diski ya namna hii ni kikosi kipya kinachoingia mabwenini. Hakuna kutengeneza sehemu mpya, hakuna kuweka mfumo upya, hakuna hata kupakua programu ya uokoaji na kuiweka humo humo.

NAKALA KWANZA

Jumamosi asubuhi tulileta vitu viwili: flashi yenye Ubuntu, na diski ya nje ya terabaiti 1. Flashi ya namna hiyo hutengenezwa katika kompyuta nyingine yenye afya, na huiwezesha ile mbovu kuwaka bila ya kutegemea diski yake. Unapowasha, unabonyeza F12, au F9, au Esc, kulingana na kiwanda kilichoiunda, unachagua flashi, kisha unachagua kuujaribu mfumo, si kuuweka. Hapo pana mtego: vitufe viwili vimekaa karibu karibu, na cha pili ni kile kile cha fundi wa mjini.

Halafu tulinakili diski nzima, baiti kwa baiti, kwa programu iitwayo ddrescue, ambayo pia ina subira na diski zenye sehemu zilizochakaa. Wapelelezi wa polisi wanalijua jambo hili kuliko sisi: kielelezo cha asili hufungwa kikawekwa, na uchunguzi hufanyika juu ya nakala. Katika amri hiyo, diski ya kusomwa hutajwa kwanza na ya kuandikiwa hutajwa baadaye. Ukiyageuza majina, unamimina utupu juu ya kile ulichokuja kukiokoa. Kwa hiyo tulifanya kama kwenye redio: mmoja akasoma amri kwa sauti, wa pili akairudia akilinganisha ukubwa wa kila diski kwenye kioo, ndipo koplo akabonyeza. Kwa mlango wa zamani wa kompyuta ile, kunakili kulichukua saa tano hivi. Tulikunywa chai nyingi.

Nakala ilipokamilika tulifungua TestDisk, programu ya bure iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier, ambayo imekuwako tangu mwaka 1998. Kazi yake ni kupita mabwenini na tochi. Hailiamini daftari, hupita diski yote ikitafuta alama ambazo kila mpango wa mafaili huziacha mwanzoni mwa sehemu yake, na kwa hizo hujua sehemu ilianzia wapi na ilikomea wapi. Ilizipata zote mbili. Kabla ya kuandika lolote, programu hii hukuruhusu kubonyeza herufi P na kuona majina ya mafaili yaliyomo, na hatua hiyo haifai kurukwa, maana wakati mwingine huokota mabaki ya migao ya miaka iliyopita na kuyaonyesha kana kwamba yanaishi. Tulibonyeza. Mahojiano yakapangika kiooni, kila moja kwa jina na tarehe. Kwanza tukayahamishia yote katika diski ya nje, kisha ndipo tukaamuru jedwali liandikwe upya.

Ungedhani mambo yamekwisha. Tulipowasha, kioo cheusi kikarudi na maneno yale yale. Kosa safari hii lilikuwa letu: kwa haraka tuliichagua sehemu ya mfumo peke yake na kuiacha ile ya kusaidia kumbukumbu, hivyo iliyokuwa namba 6 sasa ikawa namba 5, na GRUB bado inamwita mtu kwa namba yake ya zamani. Ilibidi tuielekeze kwa mkono: "set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub", kisha "insmod normal", kisha "normal".

Hapo ndipo tulipoteseka, na sababu yake ni ya hapa hapa kwetu. Katika ofisi nyingi za Rwanda zimo kibodi za mpango wa Kifaransa na za mpango wa Kiingereza pamoja, na yetu ni ya Kifaransa. GRUB katika hali ile haijui kibodi nyingine ila ya Kimarekani. Ukibonyeza a hutoka q. Ukibonyeza m hutoka nukta mkato. Na mabano hayapo yalipochorwa, yamo juu ya 9 na 0. Mara nne tuliandika upuuzi. Mwishowe tuliazima kibodi ya chumba cha pili, na mstari ukakubali mara ya kwanza. Ubuntu ikaanza, ikasitasita kiasi cha dakika moja na nusu ikiisubiri ile sehemu tuliyoiacha nje, kisha ikafunguka. Amri ya "grub-install" ikamaliza kazi, ili isitulazimu kuielekeza kila asubuhi.

Tusingependa msomaji aondoke na tumaini la uongo. Diski yetu ilikuwa ya kuzunguka, ya mtindo wa zamani. Diski mpya zisizo na kitu cha kuzunguka huambiwa na mfumo ni vyumba gani vimeachwa, nazo huvifagia zenyewe. Sehemu ikifutwa na kuumbwa upya humo, mara nyingi hakuna cha kuokota. Diski iliyofungwa kwa BitLocker hairudi bila ya ufunguo wake wa tarakimu 48, hata jedwali likitengenezwa vipi. Na diski inayogonga au kukwaruza izimwe papo hapo, maana hiyo imeumia mwili na si daftari.

Kompyuta za siku hizi hutumia mpango mwingine, uitwao GPT, wenye nafasi za sehemu 128 na nakala ya jedwali mwishoni mwa diski. Nakala hiyo husaidia jedwali la mbele likiharibika, na programu ya gdisk inaweza kulirudisha. Lakini aliyefuta sehemu kwa mkono amefuta katika nakala zote mbili. Humo pia mna sehemu ndogo, mara nyingi ya megabaiti 100 hivi, ambayo watu huiona haina maana. Hiyo ndiyo inayowasha mashine.

Neno moja kuhusu kupeleka kompyuta mjini. Mafundi wengi wa Kigali ni hodari na waaminifu, lakini diski yenye majina na habari za watu si saa ya mkononi. Sheria Namba 058/2021 inalinda data binafsi, na anayeikabidhi diski ya ofisi kwa mkono usiojulikana hawezi kusema kwamba hakuwa na dhamana nayo.

Jumatatu tulisikiliza mahojiano yote, moja baada ya jingine, kuhakikisha kwamba hayakukatika. Yote 41 yalikuwa mazima. Lile la marehemu linaanza kwa yeye kuuliza kama chombo kimekwisha kuwashwa, na sisi tukimjibu ndiyo, mzee, endelea. Sasa nakala ziko tatu, moja ikiwa imefungwa katika jengo jingine, na kila Ijumaa koplo yule yule ndiye anayezilinganisha na kutia sahihi.