Risasi iliyolala mifupani mwa babu

Babu amekuuliza jina lako mara tatu tangu asubuhi. Jana alitoka kwenda Soko la Mwanjelwa, alikofanya kazi miaka mingi, akapotea njia. Majirani wameshaanza: "Mzee karogwa!" Wengine wanasema ni uzee tu. Kabla hujakubali lolote, hebu jiulize: ujanani mzee huyu alikuwa anafanya kazi gani?

Tuseme alikuwa fundi betri. Alipasua betri za magari kwa nyundo, akayeyusha sahani zake juu ya mkaa, moshi ukimpiga usoni. Mchana akala ugali kwa mikono ileile. Au alikuwa anaziba rejeta kwa lehemu, au anakwangua rangi kuukuu kwa msasa. Wote hao walishughulika na risasi. (Ndiyo, jina moja na ile ya bunduki, kwa sababu nayo hutengenezwa kwa madini haya.)

Lakini aliacha kazi zamani. Mbona imsumbue leo?

Hapo ndipo penye ujanja. Katika damu risasi haikai sana. Mwezi mmoja hivi, nusu yake imeshatoka. Tatizo ni kwamba mwili huifananisha na kalsiamu, ukaiweka mifupani, na huko hukaa miongo ya miaka. Uzeeni mifupa huanza kulika, hasa kwa akina mama waliokoma hedhi. Risasi inarudi kwenye damu, na damu inaifikisha kwenye ubongo. Pia hupandisha shinikizo la damu, nalo huharibu mishipa ya ubongo. Huko Boston, Marekani, kuna wanaume waliofuatiliwa na watafiti tangu 1963. Baadaye walipimwa mifupa kwa eksirei maalumu. Waliokuwa na risasi nyingi zaidi, uwezo wao wa kufikiri ulishuka haraka zaidi.

Bibi hakushika betri hata siku moja? Risasi ilikuwa pia kwenye petroli. Malori ya barabara ya Zambia hutumia dizeli, hayo hayakuitoa, lakini magari madogo na pikapu yaliitoa. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006. Aliyeishi mjini kabla ya hapo aliivuta, kidogo au nyingi.

Wapo walioipata nyingi mno. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia sumu wakazi. Mama mmoja, Phyllis Omido, alipimiwa mtoto wake akakutwa na risasi, akaanzisha mapambano. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ikakatwa rufaa, wakashindwa, hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipowarudishia haki yao.

Si kila mzee anayesahau ana risasi, jamani. Mpeleke hospitali apimwe shinikizo na sukari, na umwambie daktari kazi alizofanya, maana anaweza asiulize. Kipimo cha damu peke yake hakionyeshi yote yaliyomo mifupani.

Na wewe unayekwenda gereji wakati wa likizo? Nawa kwa sabuni kabla ya kula. Usiyeyushe betri, hata ukiahidiwa hela nzuri. Nguo za kazi ziache hukohuko, usije ukambeba mdogo wako nazo. Ubongo wake bado unajengwa, na kiwango salama cha risasi hakijulikani.