Rubani aliyefeli mafunzo ya shirika la ndege: je, anaweza kurudi angani?

Siku kijana anapopata leseni ya urubani, nyumbani huchinjwa mbuzi. Mjomba aliyeuza ng'ombe kuchangia ada hukaa mbele, na picha ya kijana akiwa na shati jeupe na mistari ya dhahabu mabegani huzunguka kwenye makundi ya simu ya ukoo mzima. Miezi michache baadaye kijana huyo huyo anashuka kwenye basi na begi lake, na kila anayemuuliza anajibiwa, "Niko likizo." Ukweli ni kwamba shirika la ndege lilimwajiri, likaanza kumfundisha ndege kubwa, kisha likamwambia hakufaulu.

Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya kijana kama huyo, na pia kwa wazazi wanaomwona amejifungia chumbani na hawajui wamuulize nini.

Tuanze kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya: leseni na kazi. Leseni hutolewa na mamlaka ya nchi. Tanzania ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Kenya ni KCAA. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, rubani wa biashara anatakiwa awe ameruka angalau saa 200, au 150 kama amesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Shirika la ndege likimwachisha mafunzo, leseni hiyo inabaki yake. Ni kama dereva mwenye leseni halali aliyeshindwa majaribio ya kampuni ya mabasi. Basi hatalipata, lakini hajageuka kuwa mtu asiyejua kuendesha.

Sasa, huko kwenye shirika alifeli nini hasa?

Kijana wetu alijifunzia kwenye ndege ndogo, mara nyingi Cessna 172 yenye viti vinne, inayokwenda kilomita zipatazo 220 kwa saa. Shirika linampeleka kwenye ndege kama Dash 8-400, ile yenye mapangaboi ambayo Air Tanzania huitumia kwenda mikoani, yenye viti 76 na mwendo wa zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Anaanza na wiki kadhaa za darasani. Kisha anaingia kwenye simuleta, yaani chumba kinachoigiza ndege hiyo kwa kila kitu, hadi mtikisiko. Humo kila kipindi huchukua kama saa nne, na mkufunzi nyuma yake anazima injini moja, anawasha taa ya moto, anamletea ukungu uwanjani. Akifaulu mtihani wa simuleta, anaandikiwa kwenye leseni kibali cha aina hiyo ya ndege. Bado hajamaliza. Ataruka na abiria wa kweli akiwa na kapteni mkufunzi pembeni, mpaka apimwe tena na kuachiwa.

Mtu anaweza kukwama katika hatua yoyote kati ya hizo, na hatua aliyokwamia ina maana kubwa. Aliyeishia kwenye simuleta na aliyeishia kwenye safari za abiria hawana ugonjwa mmoja, kwa hiyo dawa yao haiwezi kuwa moja.

Wanaokwama kwenye simuleta mara nyingi hawakosi akili. Wanakosa muda. Ndege ndogo humpa rubani nafasi ya kufikiri, ile kubwa imeshafika mbele kabla hajamaliza kufikiri. Kama kuruka kwa kutazama saa za ndani tu, bila kuona nje, hakujakaa mwilini kama kuendesha baiskeli, akili yote inaishia hapo na haibaki ya kusikiliza redio au kumsaidia mwenzake. Wengine hushindwa kukariri mpangilio wa kazi za chumba cha marubani, nani anasema nini na lini. Na wapo wanaoshindwa kwa sababu ya adabu tuliyolelewa nayo: wanaona kapteni anakosea, wanaogopa kumwambia mkubwa. Katika ndege ya marubani wawili huko ni kufeli, na ni haki kuwe kufeli.

Tuseme na lingine. Mafunzo nayo huwa mabaya wakati mwingine. Mkufunzi anaweza kuwa mkali bila sababu, ratiba ikabana, mtu akafundishwa usiku wa manane baada ya kukosa usingizi. Lakini hata pale kijana anapokuwa na haki ya kulalamika, tunamshauri asianzie hapo. Aanze kwa kuomba kwa maandishi nakala ya kumbukumbu zake za mafunzo. Maoni ya mkufunzi baada ya kila kipindi yanauma kuyasoma, lakini ndiyo pekee yanayoonyesha kama tatizo lilijirudia au lilikuwa la siku moja. Barua ya kuachishwa pia aitunze. Kama aliombwa ajiuzulu badala ya kufukuzwa, aandike tarehe na kilichosemwa wakati bado anakumbuka.

Sasa tunafika kwenye jambo zito kuliko yote: kusema au kuficha.

Tarehe 23 Februari 2019, ndege ya mizigo ya Atlas Air, Boeing 767 iliyotoka Miami kwenda Houston, ilianguka Trinity Bay katika jimbo la Texas, Marekani. Watu wote watatu waliokuwamo walikufa. Wachunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo, NTSB, waligundua kuwa mfumo wa kupaisha ndege upya uliwashwa kwa bahati mbaya, na rubani msaidizi aliyekuwa akiendesha akachanganyikiwa kuhusu ndege ilivyokaa, akaisukuma pua chini. Walipofukua historia yake walikuta kuwa alishashindwa mafunzo katika mashirika mengine kabla ya hapo, na hakuyasema yote alipoomba kazi. Bodi ilisema ufichaji huo ulikuwa wa makusudi, na uliinyima Atlas Air nafasi ya kumpima ipasavyo.

Miaka kumi kabla yake, tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, New York, ikaua watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake chini. Kapteni wake naye alikuwa amefeli mitihani kadhaa ya kuruka huko nyuma, na mingine hakuitaja kwa mwajiri. Baada ya ajali hiyo Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2010, iliyozaa hifadhi ya kumbukumbu za marubani ambayo kila shirika huko linatakiwa kuipekua kabla ya kuajiri.

Hatuzitaji ajali hizi kumtisha mtu aliyefeli mara moja. Wapo makapteni wenye mvi leo waliowahi kufeli mtihani. Tunazitaja kwa sababu zinaonyesha mwajiri anaogopa nini. Kosa lililosemwa linaweza kupimwa na kufundishwa. Lililofichwa humfuata mtu mpaka hewani. Na hapa Afrika Mashariki, ambako marubani wanajuana kama watu wa kijiji kimoja, kuficha hakufiki mbali. Mkufunzi wa jana ndiye atakayepigiwa simu kesho.

Basi arudi vipi? Kwanza asikimbilie ndege kubwa nyingine. Hapa ndipo familia huingia hasara ya pili: wanauza shamba lililobaki ili kijana akanunue mwenyewe kibali cha aina nyingine ya ndege nje ya nchi, kwa maelfu ya dola. Kama tatizo lilikuwa kuruka kwa kutegemea saa, kibali kipya hakilitibu. Fedha kidogo zitumike kwa mkufunzi asiyehusika na shirika lile, na saa chache za simuleta, wakifanyia kazi hasa yale yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu.

Pili, aruke. Kampuni zinazobeba watalii kutoka Arusha kwenda Serengeti, au kutoka Wilson jijini Nairobi kwenda Maasai Mara, hutumia sana Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayobeba watu wapatao 12. Kazi hiyo si ya kudharau. Viwanja ni vya udongo, pundamilia wanavuka, upepo wa mchana unageuka, na safari za siku moja zinaweza kuwa sita. Mwaka mmoja au miwili ya kazi hiyo hujenga utulivu ambao darasa haliwezi kuuuza. Wengine hupitia ualimu wa urubani, na kumfundisha mtu kitu ulichokifeli ni njia nzuri ya kukielewa.

Kuna suala la mkataba. Mashirika mengi humfunga rubani kwa mkataba wa kurudisha gharama za mafunzo akiondoka mapema, na wakati mwingine mzazi ndiye mdhamini. Aliyeachishwa kwa kufeli hayuko sawa na aliyetoroka, lakini yote yanategemea maneno yaliyosainiwa. Mpelekeeni wakili karatasi hiyo kabla ya kulipa hata shilingi moja, na kabla ya kusaini nyingine.

Siku ya usaili ikifika, swali litakuja. Jibu lisizidi dakika mbili: nilifeli hapa, kwa sababu hii, nikafanya hivi, na huu hapa ushahidi. Asimtukane mkufunzi wa zamani.

Wakati akisubiri siku hiyo, kuna tarehe za kuangalia. Cheti cha afya cha daraja la kwanza, kwa rubani aliye chini ya miaka 40, hudumu miezi 12. Kibali cha kuruka kwa saa nacho kina mwisho wake. Vijana wengi waliofeli huviacha vyote viishe kwa sababu ya huzuni, na simu ya kazi inapopigwa wanahitaji wiki kadhaa na fedha ambazo hawana. Mzazi anayetaka kusaidia na hajui aanzie wapi, aombe kuviona vyeti hivyo leo na aandike tarehe zake kwenye kalenda ya ukutani.