Mara Nane, na Karata Hurudi Mahali Pake

Chukua karata 52, majokeri yakiwa pembeni. Zikate katikati bila kukosea hata moja: 26 mkono huu, 26 mkono ule. Zichange ili ya kushoto ifuatwe na ya kulia, tena kushoto, tena kulia, mpaka zimalizike. Ya juu kabisa ibaki juu, ya chini kabisa ibaki chini. Rudia mara nane. Karata zote zitakuwa zimerudi kwenye mpangilio ule ule ulioanza nao.

Nililiona jambo hili Tabora, karibu na stesheni, pale abiria wa Kigoma, wa Mwanza na wa Mpanda wanapokutana na kucheza karata hadi treni ifike. Mzee mmoja wa mazingaombwe, mtu wa kuzunguka shule za msingi na viwanja vya minada, alizipanga karata zake kopa, uru, shupaza na pau, kila moja kwa zamu yake. Akazichanga mara nane mbele ya macho yetu, kisha akazitandaza juu ya kitenge. Hakuna iliyohama. Vijana wawili waliinuka wakaondoka bila kuaga.

Mimi nilibaki na swali. Tangu utotoni nimeamini kwamba anayechanga sana ndiye mchezaji mwaminifu. Kumbe kuna namna ya kuchanga isiyochanganya kitu. Kesho yake nikamfuata nyumbani kwake anifafanulie.

Ameomba jina lake lisiandikwe, na sababu zake nitazieleza. Mtindo wenyewe unaitwa faro, jina la mchezo wa zamani wa kamari wa Ulaya na Marekani. Mwaka 1894 Mwingereza John Nevil Maskelyne aliuelezea katika kitabu kilichofichua mbinu za matapeli wa karata. Mzee huyu hakusoma kitabu hicho. Aliuona katika simu ya kijana wa jirani, akamwomba amrudishie video hiyo tena na tena, kisha akajifungia na pakiti yake kwa miezi mingi.

Anasema kazi huanza kwenye pakiti yenyewe. Karata za bei rahisi hujikunja kwa joto la kiangazi, na vumbi jekundu la Tabora huzikwaruza zisiteleze. Msimu wa embe hagusi embe kabla ya mazoezi; asali ndiyo kabisa. Anachosisitiza zaidi ni ukingo. Kisu cha kiwandani, anasema, huacha ukingo ulioinama kidogo upande mmoja. Ndiyo maana pakiti moja hukubali kuingiliana ukianzia juu, nyingine ukianzia chini, na usipolijua hilo utalaumu vidole vyako bure. Alinipa pakiti mbili niguse kwa kidole gumba. Mwanzoni sikuhisi chochote. Akanishika mkono, akaupitisha taratibu, na nikahisi: upande mmoja unateleza, mwingine unakwama.

Kisha hugonga kingo mezani zilingane. Hukata kwa jicho. Ishirini na sita hazihesabu. Anazijua kwa unene, na akikosea kwa karata moja husema amekosea kabla hajazitazama. Hushika kila nusu kwa ncha zake fupi, kidole cha shahada kikikaza mgongo ili zisipinde, halafu hukutanisha pembe kwa pembe. Hapo hasukumi. Anasema wanafunzi wote huharibu mahali hapa, kwa kutumia nguvu. Yeye huegemeza tu nusu moja juu ya nyingine, hulegeza, hukaza tena kidogo mno, na karata ya kwanza ikishapata nafasi zilizobaki hufungana kama meno ya zipu. Kuna sauti ndogo hapo. Anaisikiliza, na kwa sauti hiyo hujua kama mbili zimeingia pamoja. Zikiingia mbili pamoja, yote yaliyotangulia yameharibika.

Mtindo una njia mbili. Karata ya juu ikibaki juu, yeye huita kuchanga kwa nje. Ikiangukia nafasi ya pili, ni kuchanga kwa ndani. Kwa nje, mara nane zinatosha kurudi mwanzo. Kwa ndani inabidi uchange mara 52, na ukifika mara ya 26 pakiti nzima inakuwa imegeuka, wa mwisho akiwa wa kwanza.

Mwaka 1957 Mwingereza Alex Elmsley, mtaalamu wa kompyuta na mpenzi wa mazingaombwe, alionyesha kwamba njia hizo mbili zinaweza kuipeleka karata ya juu popote unapotaka. Unaandika idadi ya karata zitakazokuwa juu yake kwa sifuri na moja tu, kama kompyuta inavyohesabu; moja ni ndani, sifuri ni nje. Ukitaka ziwe sita, unaandika 110: ndani, ndani, nje. Mzee wangu, aliyeishia darasa la saba, anafanya hesabu hiyo kwa chaki kwenye mlango wa stoo.

Nilimuuliza: basi sisi wengine tunachanganyaje? Akajibu kwamba tunachanganya kwa makosa yetu. Mkono usiojua huangusha mbili hapa, tatu pale, na fujo hutoka hapo. Jibu hilo limethibitishwa na wasomi. Persi Diaconis, aliyetoroka nyumbani New York akiwa na miaka 14 kumfuata mwanamazingaombwe Dai Vernon na baadaye akawa profesa wa hisabati, alionyesha mwaka 1992 pamoja na Dave Bayer kwamba uchangaji wa kawaida, wenye makosa, unahitaji takriban mara saba ili karata zichanganyike kweli.

Tabora inafaa kwa kazi ya uvumilivu. Huu ni mji wa watu wanaosubiri. Misafara ya Ujiji na Bagamoyo ilitua hapa, na mwaka 1872 mvumbuzi Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, hadi Agosti akingoja wapagazi. Sanaa ya kustaajabisha watu nayo haikuletwa na simu: Usukuma na Unyamwezi zina Buyeye, chama cha wacheza nyoka ambacho mwanaanthropolojia Hans Cory aliandika habari zake mwaka 1946, chenye siri zake na mafunzo yake.

Lakini mcheza nyoka ana chama. Mzee wa karata yuko peke yake. Ukanda huu unajua gharama ya neno mchawi. Vikongwe wameuawa kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni. Kwa hiyo kila onyesho analianza kwa kukunja mikono ya shati na kutangaza kwamba hana dawa, ana mazoezi. Wasiomwita mchawi humshuku kuwa mtu wa karata tatu, wale wanaowaliza abiria stendi. Hilo ndilo linalomuuma zaidi, kwa sababu vidole ni vile vile. Kijana mmoja amemwomba amfundishe, na mpaka naondoka hakuwa amemjibu. Atajuaje vidole vya kijana huyo vitaelekea wapi? Na asipofundisha, nani atabaki na ujuzi huu Tabora? Sikuwa na la kumwambia.

Bagamoyo, mwisho wa njia ile ile ya misafara, kuna taasisi ya serikali inayofundisha ngoma, muziki na maigizo. Mazingaombwe nayo yanastahili darasa pale, lenye mwalimu, mtihani na cheti, ili mwenye vidole hivi aweze kutaja jina lake. Na walimu wakuu, mtu wa namna hii akibisha hodi shuleni kwenu, msimpe uwanja baada ya masomo. Mpeni kipindi cha hisabati.