Mwendesha Mashtaka si Mwindaji

Asubuhi ya siku yoyote ya kazi, katika viwanja vya mahakama za Kinondoni na Temeke, utawakuta watu wa aina tatu. Wako waliokuja kudai haki, wako waliokuja kujitetea, na wako waliokuja kwa kuwa wameitwa. Kati yao hupita mtu, mara nyingi kijana bado, amevaa suti nyeusi na amekumbatia majalada kifuani. Mlalamikaji humtazama akamwona mvivu. Mshtakiwa humwona adui. Shahidi humwona msumbufu. Huyo ndiye Wakili wa Serikali, yaani mwendesha mashtaka, na kazi yake ndiyo tunayotaka kuieleza leo, kwa maana wengi wetu twaihukumu bila ya kuijua.

Polisi hukamata na kupeleleza. Hakimu husikiliza na kuamua. Mwendesha mashtaka husimama katikati ya wawili hao, hakamati wala hahukumu. Kazi yake ya kwanza ni kusoma. Jalada likimfikia humpasa ajiulize: Je, haya yaliyoandikwa humu yaweza kuthibitishwa pasipo kuacha shaka? Yakiwa pungufu, hulirudisha kwa mpelelezi pamoja na maelekezo. Na kama hamna kitu, hana budi kuandika kwamba mtu huyu asishtakiwe, ijapokuwa mtaa mzima umekwisha kumwita mwizi.

Tuchukue mfano wa kawaida. Kijana wa bodaboda huko Mbagala amenyang'anywa pikipiki usiku, akapigwa, naye asema amemtambua aliyempiga. Jirani watasema, "Basi, yamekwisha, afungwe." Mwendesha mashtaka hawezi kusema hivyo. Atauliza: Palikuwa na mwanga gani, wa taa ya barabarani au wa mbalamwezi? Walikuwa umbali gani? Alimtazama kwa muda gani? Je, alimtaja kwa jina kwa mtu wa kwanza aliyekutana naye, au alimkumbuka siku ya tatu? Fomu ya polisi namba 3, ile PF3 ya majeruhi, imejazwa na daktari? Kadi ya pikipiki iko wapi? Maswali haya hayakubuniwa ili kuwasumbua watu. Tangu mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilikwisha kufundisha kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu, wala haufai kumtia mtu hatiani mpaka uwezekano wote wa kukosea umeondolewa. Macho ya mtu mwenye hofu hukosea, na aliyefungwa kwa kosa la macho harudishiwi miaka yake.

Katiba yetu, kwa marekebisho ya mwaka 2005, iliweka Mkurugenzi wa Mashtaka katika Ibara ya 59B, ikaagiza kwamba asiingiliwe na mtu wala mamlaka yoyote, naye azingatie nia ya kutenda haki, azuie matumizi mabaya ya taratibu za haki, na aangalie maslahi ya umma. Mwaka 2008 ikatungwa sheria ya huduma ya mashtaka, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikasimama peke yake, mbali na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Zamani, katika mahakama nyingi za chini, aliyesimama upande wa Jamhuri alikuwa ofisa wa polisi. Kutenganishwa huko kuna maana kubwa: aliyemkamata mtu huona haya kukiri kwamba alikosea, lakini anayelisoma jalada kwa macho mapya aweza kukiri.

Uzito wa kazi hiyo ulionekana hapa hapa kwetu. Januari mwaka 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva wa teksi walikamatwa Sinza, mtaa ambao wakati ule ulikuwa katika Wilaya ya Kinondoni, wakapelekwa msitu wa Pande na kuuawa. Polisi walitangaza kwamba waliouawa ni majambazi. Tume iliyoongozwa na Jaji Mussa Kipenka ikaonyesha kwamba hawakuwa majambazi, na maofisa wa polisi wakashtakiwa. Fikiri, ndugu msomaji, hali ya mawakili waliotakiwa kuwashtaki watu ambao kila siku huwategemea kwa upelelezi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa. Mkurugenzi wa Mashtaka akakata rufani, nayo mwaka 2013 ikaondolewa mahakamani kwa sababu ya kasoro katika hati ya taarifa ya rufani. Ikabidi kuanza tena. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimkuta mmoja na hatia, wengine wakabaki huru. Kasoro katika karatasi iliwangojesha wafiwa miaka zaidi. Asiyejua kwa nini wakili hukesha akipitia maneno ya hati, na ajifunze hapo.

Lakini tusiifanye ofisi hii kuwa ya malaika. Wananchi wamelalamika miaka mingi juu ya neno moja wanalolisikia mahakamani: "Upelelezi haujakamilika." Neno hilo hutamkwa kwa nukta chache, lakini kwa mtu aliye mahabusu Keko au Segerea ni wiki mbili nyingine mbali na watoto wake. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili mashtaka yasifikishwe mahakamani kabla ya upelelezi kukamilika, isipokuwa kwa makosa mazito. Mwaka 2023 tume ya haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilimkabidhi Rais taarifa yake juu ya vyombo hivi vyote. Yatupasa kuuliza, bila ya woga, utekelezaji umefika wapi.

Na sisi wanachama tuna jambo letu la kukumbuka. Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa TANU, alishtakiwa na serikali ya kikoloni mjini Dar es Salaam kwa kashfa ya jinai, kwa ajili ya makala katika Sauti ya TANU juu ya mabwana shauri wawili. Alitetewa na wakili D. N. Pritt kutoka Uingereza, akatiwa hatiani, akaamriwa kulipa shilingi 3,000 au kwenda gerezani miezi 6. Faini ikalipwa. Chama kilichoonja kalamu ya mashtaka ikiwa mkononi mwa mtawala kingepaswa kuwa cha kwanza kuilinda kalamu hiyo isishikwe na mkono mwingine wowote.

Je, twailinda? Mwanachama ambaye mpwawe amekamatwa na bangi huko Tandika hutafuta nani anamjua nani. Kiongozi wa shina huandika kikaratasi: "Huyu ni mtu wetu, msaidie." Kikaratasi hicho ni chepesi mkononi, lakini kwa wakili kijana aliyepanga chumba kimoja, apandaye daladala moja na shangazi wa mshtakiwa, ni jiwe la kusagia shingoni. Akikikataa aitwa mwenye kiburi. Akikikubali, ameiuza Jamhuri. Ofisini mle hamna kadi ya mtu yeyote, na ndivyo inavyotakiwa.

Kosa la pili ni la shahidi asiyefika. Twashangilia mtu akikamatwa, kisha tukiitwa kueleza tuliyoyaona, twasema tuna safari. Kesi ikifutwa twapiga kelele kwamba wakili amekula fedha. Huenda wapo waliokula, na hao washtakiwe. Ila mara nyingi mshtakiwa ameachiwa kwa kuwa benchi la mashahidi lilikuwa tupu. Twajua kwamba kibarua akipoteza siku amepoteza chakula cha nyumbani. Kwa hiyo Serikali ihakikishe shahidi analipwa nauli na posho yake siku ile ile, na waajiri wasimkate mshahara mfanyakazi aliyeitwa mahakamani.

Wakili akisimama husema, "Mheshimiwa, kwa upande wa Jamhuri..." Jamhuri hiyo ni mama muuza samaki wa Temeke, ni utingo, ni mpwa wetu aliyekamatwa pia. Mwindaji hufurahi akirudi na nyama. Mwendesha mashtaka ametimiza kazi yake mwenye hatia akipatikana na hatia, na vile vile asiye na hatia akirudi nyumbani kwake. Ukiitwa kesho kutoa ushahidi, nenda. Ukiombwa kikaratasi, kataa.