Tafiti nyingi zikijumlishwa, mbona jibu linaweza kukosewa?

Ivermektini si dawa ngeni vijijini. Kwenye maeneo yenye usubi ni vile vidonge vya Mectizan vinavyogawiwa bure. Kwa wafugaji ni sindano ya minyoo ya ng'ombe na mbuzi. Wakati wa korona zilienea habari kwamba inatibu ugonjwa huo pia, na kwamba "tafiti nyingi zimethibitisha". Ilikuwaje?

Jaribio moja dogo la dawa halitoshi. Wakifa wagonjwa wawili upande huu na watano upande ule, huenda imetokea tu. Kwa hiyo wataalamu hukusanya majaribio mengi na kuyapigia hesabu ya pamoja. Njia hiyo ni nzuri, lakini haisafishi kilichowekwa ndani. Ukichanganya debe moja la mahindi yenye ukungu na madebe matano mazuri, mizani itakuonyesha uzito wa gunia tu. Ukungu hautauona.

Mwaka 2021 watafiti nchini Uingereza walikusanya majaribio 24 yenye watu 3,328, wakaripoti kuwa ivermektini imepunguza vifo kwa asilimia 56. Mojawapo lilitoka Misri, na lilidai kupunguza vifo kwa zaidi ya asilimia 90. Julai mwaka huohuo ripoti ya Misri iliondolewa mtandaoni. Ilibainika kwamba taarifa za baadhi ya wagonjwa zilionekana kunakiliwa, na wengine waliandikwa kuwa walikufa kabla utafiti haujaanza. Hesabu iliporudiwa bila tafiti zenye mashaka, faida ile haikuonekana tena.

Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Brazil lenye wagonjwa 1,358. Ivermektini haikupunguza idadi ya waliozidiwa hadi kuhitaji hospitali.

Kuna mitego mingine. Majaribio yaliyoshindwa mara nyingi hayachapishwi, hivyo yanayojumlishwa ni yale yaliyofurahisha tu. Tena dozi na hali za wagonjwa hutofautiana.

Basi ukisikia "tafiti 20 zimethibitisha", uliza: Zilikuwa kubwa kiasi gani? Zilizoshindwa zimehesabiwa? Zile dhaifu zikitolewa, jibu linabaki lilelile?

Haya yote hayaigusi kazi ya Mectizan dhidi ya usubi. Wagawa dawa wakija, meza. Ila sindano ya mifugo ibaki kwa mifugo: dozi yake inaweza kumdhuru binadamu.