Anayetupa mikono hajarogwa

Mtu wa miaka 40 anaanza kutupa mikono bila kutaka. Anatembea kama mlevi na hajanywa kitu, anasahau, anakasirika ovyo. Watu wanauliza nani amemroga, na mara nyingi kidole kinamwelekea mke wake au mama mkwe.

Kuna ugonjwa unaofanya hivyo. Unaitwa Huntington, kwa jina la daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1872. Si wa wazungu tu: umeonekana hata kwa jirani zetu Tanzania. Kwa kawaida unaanza kati ya miaka 30 na 50, wakati mtu ameshazaa.

Unatoka kwenye jeni (jeni, si jini!), yaani maagizo ya mwili tunayorithi kwa baba na mama. Katika jeni moja, herufi tatu, C-A-G, zinarudiwa-rudiwa. Kwa watu wengi hazipiti mara 26. Zikifika 40, ugonjwa utakuja mtu akiishi miaka ya kutosha. Fikirini mtoto wa darasa la kwanza anayenakili “ba ba ba ba”: mstari mfupi anauweza, mrefu anapoteza hesabu na kuongeza. Mwili nao unakosea hivyo, zaidi unapotengeneza mbegu za baba. Ndiyo maana aliyerithi kwa baba anaweza kuugua mapema kuliko baba mwenyewe, mara chache hata kabla ya miaka 20.

Wanaosema “damu ya mama ndiyo mbaya” wasikie hapo! Mzazi yeyote mwenye jeni hiyo anaweza kuipitisha, na kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi 1 kwa 2. Kila mimba inahesabiwa upya. Asiyerithi hawezi kuipitisha.

Kwetu vita vimeficha mengi. Baba anaweza kuuawa na miaka 28, kabla ya dalili. Babu alibaki Burundi, shangazi yuko Kigoma. Ulizeni wazee wa pande zote mbili nani aliugua hivyo, na kwa umri gani. Kule Venezuela, Nancy Wexler, ambaye mama yake aliuawa na ugonjwa huu, aliandika nani amezaa nani katika ukoo mkubwa kando ya ziwa Maracaibo. Damu waliyotoa watu wale ilisaidia kuipata jeni hiyo mwaka 1993.

Dawa ya kuponya haijapatikana. Zipo za kupunguza mtikisiko. Lakini magonjwa mengine pia yanatikisa mwili, kwa hiyo mgonjwa afike hospitali kwanza. Nyumbani anakonda haraka na kumeza kunamshinda. Apewe uji mzito, ugali laini, sombe iliyotwangwa vizuri, mara nyingi kwa siku, akiwa ameketi wima. Hauambukizi: watoto wanaweza kula naye sahani moja.